Kaka yangu na filamu ya askari aliyegonga kuta

Mwezi wa sita mwaka 2019, kijana mmoja wa Kampala alikuja Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, kutafuta mtu wa kushika maiki. Alikuwa na kamera ya kuazima, taa mbili, jenereta dogo na shilingi 3,200,000, na pesa hizo zilitakiwa ziwalishe watu saba kwa siku kumi na moja. Mimi ni fundi wa sauti. Kazi zangu ni harusi, mahubiri ya uwanjani, na mikutano ya kampeni ukifika msimu wake. Filamu nilikuwa sijawahi kuifanya. Aliponisimulia hadithi yake nikakaa kimya, maana alikuwa ananisimulia mtu ninayemjua.

Sajini amerudi kutoka Somalia. Ana mke, watoto wawili, na nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga kwa dola za huko. Hakuna anayemwinda, hakuna adui anayemfuata. Anaharibika tu, polepole, mbele ya watu wake. Kazi inamshinda, mke anaondoka na watoto, vitu vinauzwa kimoja kimoja. Mwisho anabaki peke yake katika nyumba isiyo na milango, kwa kuwa milango nayo ameiuza. Picha inazima akiwa ameketi, anatazama pale mlango ulipokuwa.

Nikamuuliza habari ya milango ameitoa wapi. Akasema ni mambo ya mjomba wake. Sikumwambia kwamba kaka yangu anakaa njia mbili tu kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

Alinitaka pia kwa sababu ya lugha. Yeye ni Muganda, na sajini wake alimpa Kiganda cha mchana na Kiswahili cha usiku, cha ndotoni. Aliyekulia Uganda hahitaji kuelezwa kwa nini. Kiswahili ni lugha ya jeshi hapa tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, na kwa familia nyingi za Buganda ndiyo lugha iliyogonga mlango usiku miaka ya 1970 na 1980 ikiuliza nani yumo ndani. Kwetu Walukuba ni tofauti. Mtaa huu ulijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, wakaja watu wa kila kabila, Wajaluo, Walugbara, Wasamia, Waacholi, Wagisu, na kilichowakutanisha bombani na sokoni kikawa Kiswahili. Mimi nimebembelezwa kwa Kiswahili na nimechapwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana kaka yangu alipoanza kupiga kelele usiku, "Lala chini! Lala chini!", maneno yenyewe hayakunishtua. Nilichelewa kusikia kwamba ile haikuwa sauti ya nyumbani.

Kaka alikwenda Mogadishu mara ya kwanza mwaka 2011, akitokea mafunzoni Singo. Uganda ilikuwa na askari huko tangu Machi 2007, lakini 2011 ndio mwaka waliopigana nyumba kwa nyumba hadi Al-Shabaab wakautoka mji mwezi wa nane. Barabarani kulikuwa na wadunguaji, kwa hiyo barabarani hapakupitika. Walitoboa kuta. Walitoka sebuleni kwa mtu wakaingia chumbani kwa mtu mwingine, mtaa mzima, kupitia matundu waliyoyafungua wenyewe. Haya sikuyapata kwake, niliyasikia kwa wenzake. Wazee wa hapa walipomuuliza Somalia kulikuwaje, alijibu "joto," akaomba maji.

Alirudi, akanunua kiwanja, akapandisha nyumba. Akaenda tena 2014, akarudi mwaka uliofuata, na 2017 akaliacha jeshi kabisa. Wakati huo kila mtu alimwona ni mtu aliyefanikiwa. Alikuwa na bati za rangi, alikuwa na boda boda mbili zilizoendeshwa na vijana kwa hesabu ya siku.

Cha kwanza nilichokiona kilikuwa jerikeni. Kwenye bomba la mtaa wetu watoto hupanga jerikeni za njano tangu alfajiri kushika foleni, halafu wanakwenda kucheza. Kaka akawa hapiti pale. Anazunguka nyuma ya shule, njia ndefu yenye tope, hata akiwa amevaa viatu vya Jumapili. Nilimcheka siku moja, nikamuuliza anaogopa kuombwa achote maji. Hakucheka. Akaniambia kule jerikeni haiachwi njiani bila mwenyewe, na ukiiona hivyo hujui kama itakufikisha jioni. Kisha akasahau kwamba ameniambia, au akajifanya amesahau.

Cha pili kilikuwa kuta. Usiku alizunguka nyumba yake akigonga kuta kwa kidole, ukuta mmoja hadi mwingine, anasikiliza, anaendelea. Shemeji alinieleza hivi kwa sauti ya chini kama mtu anayeeleza aibu. Alisema anamaliza nyumba nzima, anakaa kwenye kiti sebuleni hadi kukuche, na asubuhi ana macho mekundu, analala mpaka saa nane mchana.

Hapo ndipo sote tulipokosea. Sisi tuliona mtu anayelala hadi saa nane. Tuliona hesabu za boda boda hazifuatiliwi, vijana wanakula pesa, pikipiki moja imeuzwa, ya pili imeuzwa. Tuliona waragi. Mwaka ule ule wa 2019 serikali ilipopiga marufuku pombe za vipakiti, yeye akahamia kwenye chupa. Mtaani wakasema dola zimemlevya. Kanisani wakasema amerudi na pepo la kule, wakamwekea mikono. Mimi mdogo wake nilisema ni mvivu, na nilimwambia hivyo machoni mwake, mbele ya watoto wake. Nikiambiwa nifute neno moja katika maisha yangu, nitafuta lile.

Nadhani filamu zilitudanganya. Tumezikulia vibandani, zile za kivita, na vijei, yule msimulizi wa kibandani, anapaza sauti juu yake kwa Kiganda. Askari aliyeharibika akili katika filamu hizo unamjua tu: anapasua kioo kwa ngumi, anashika bunduki, anakimbilia msituni. Tulikuwa tunasubiri hayo. Kaka yangu hakupasua kitu chochote. Alilipa ada ya shule kwa kuchelewa, akasahau siku za kuzaliwa, akaacha kwenda misibani. Uharibifu wa namna hiyo hauna muziki.

Mwenye kuelewa alikuwa shemeji. Yeye amezaliwa Gulu, na alikuwa mmoja wa wale watoto ambao wakati wa vita ya waasi wa LRA walitembea kila jioni kutoka vijijini kuingia mjini, maelfu yao, na mikeka kichwani, wakalale barazani na kwenye viwanja vya hospitali na makanisa ili wasitekwe usiku. Aliniambia, "Shemeji, mimi nimelala katikati ya watu wanaopiga kelele usiku tangu nina miaka tisa. Huyu si mvivu. Huyu hajalala tangu arudi." Wazazi wake walitaka mkwe wao apelekwe nyumbani akanyage yai mlangoni, desturi ya Waacholi ya kumpokea mtu aliyekaa mbali katika mambo mabaya, na waganga wamtazame kama amefuatwa na cen, roho za waliouawa. Kaka alikataa. Mimi sikuona ubaya wa desturi ile, na bado siuoni. Ni watu wachache sana waliotujia na mpango wowote, na wao walikuwa na mpango.

Basi nikaichukua kazi ya filamu. Na jambo la kwanza nililofanya, siku ya pili, ni kumwambia mwongozaji habari za kuta. Tulikuwa tumekaa tunakula posho na maharage, analalamika kwamba hana namna ya kuionyesha Mogadishu. Angependa helikopta, angependa moshi na magari ya deraya. Jamaa wa filamu wa Wakaliga wameionyesha dunia kwamba mtu wa Kampala anaweza kutengeneza vita kwa mabomba ya maji na mbao, lakini yeye hakuwa na hata mbao. Nikasema: mwache agonge kuta. Nikamweleza yote, kidole, sikio, kiti cha sebuleni. Akaacha kula, akaandika.

Sikumuuliza kaka. Nilitoa kitu cha ndani ya nyumba yake nikakipeleka kazini kwangu kama vile nimekiokota njiani.

Na kwa kuwa mwigizaji mkuu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole asiyejua hata kufunga kamba za buti, nikapendekeza kaka aje amfundishe kwa shilingi 20,000 kwa siku. Nilifikiri itamtoa kwenye chupa. Na siku mbili za kwanza ilimtoa kweli. Alifika kabla yetu. Alimfundisha mwalimu kukunja kombati, kutandika kitanda, kula haraka bila kuinua macho. Mwalimu alikuwa anabweka kila amri kama mbwa, na kaka akamwambia kitu ambacho kiliokoa nusu ya filamu: "Sajini hapigi kelele. Koplo ndiye anapiga kelele. Sajini akishusha sauti, ndipo watu wanaogopa." Nilisikia kwenye hedifoni jinsi sauti ya mwalimu ilivyobadilika pale pale.

Siku ya tatu mwongozaji alitaka mshindo. Ndoto ya sajini inakatika kwa mshindo, na hatukuwa na mshindo. Tukakubaliana kijana wetu mmoja ainue bati zee nyuma ya nyumba alipige chini kwenye saruji. Kaka alikuwa amekwenda chooni. Tulitazamana, hakuna aliyesema tumsubiri. Mimi ndiye niliyenyoosha kidole kuashiria sauti iko tayari.

Bati lilipopiga, yeye alikuwa ndiyo anaingia sebuleni. Sikumwona akianguka. Maiki yangu ilikuwa imefungwa chini ya meza, na ghafla nikasikia pumzi zake ndani ya masikio yangu yote mawili, karibu kuliko nilivyowahi kumsikia mtu yeyote. Pumzi fupi fupi, za puani. Kisha kucha zikikwaruza sakafu. Kisha jina la mtu, mara nyingi, jina ambalo silijui na ambalo sitaliandika hapa. Kiswahili chote. "Niko hapa. Niko hapa. Nishike." Niliganda na hedifoni kichwani. Nilikuwa hatua nne tu kutoka alipo, na niliendelea kurekodi.

Mpiga kamera naye hakuzima. Ilikwenda dakika nne na kitu. Aliyeingia chini ya meza alikuwa mwalimu, na hakumgusa. Alilala sakafuni mbali kidogo, akawa anamwita kwa jina lake la nyumbani, anamtajia alipo: uko Jinja, uko Walukuba, leo ni Alhamisi, hii ni nyumba ya filamu. Baadaye nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema hivyo ndivyo anavyomwamsha mama yake.

Jioni mwongozaji aliniambia kwa sauti ya mtu aliyeokota almasi: hii ndiyo filamu. Sikujibu kitu. Nikarudi kwangu, nikaisikiliza sauti ile tena, peke yangu, kwa kisingizio cha kuisafisha.

Kaka hakuonekana siku mbili. Siku ya tatu alikuja asubuhi akiwa hajanywa, amenyoa ndevu, akamwambia mwongozaji: nionyesheni mlichonacho. Mwongozaji akamwekea kompyuta juu ya meza ile ile. Akatazama yake ya chini ya meza hadi mwisho, hakusema neno. Ikafuata ya kuta: mwalimu na taa ya mkononi, anazunguka chumba, anagonga. Akaitazama hiyo mara mbili. Akauliza, "Hii nani aliwapa?" Nikasema ni mimi. Alinitazama muda mrefu, na sijui ningefanya nini kama angenipiga, labda ningeshukuru.

Akamwambia mwongozaji, "Ile ya mezani futeni, mbele yangu. Hii iacheni. Lakini anagonga vibaya." Akasimama. "Anagonga kama mgeni anayeomba kufunguliwa. Ukuta unagongwa kwa fundo la kidole, mara moja. Halafu unaweka sikio, unasubiri. Kazi ni kusubiri." Akaweka sikio lake kwenye ukuta wa nyumba ile ya kupanga, na chumba kizima kikanyamaza pamoja naye.

Mwongozaji alifuta. Aliumia, niliona, lakini alifuta kila nakala mbele yake, na mimi nikafuta ya kwangu kwenye rekoda. Ile ya kuta tukairudia usiku ule, na ndiyo picha bora kuliko zote katika filamu. Mtu, ukuta, na kimya cha sekunde kumi na tisa. Kama tungekuwa na pesa ya helikopta tusingefika pale.

Mwenye kutoa pesa, mfanyabiashara wa vipuri, alipoiona alitaka mwisho mwingine. Mchungaji aje aombe, au majambazi wavamie na sajini awatwange, watu wafurahi. Mwongozaji alikataa, akapoteza hata pesa ya matangazo. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini nina ugomvi wangu na mwisho ule, na niliwahi kumwambia. Filamu nzima hakuna mtu anayemuuliza sajini, "Unalala?" Hakuna kliniki, hakuna daktari, hakuna hata jirani anayesema kuna mahali pa kwenda. Mtazamaji anatoka akiamini barabara ni moja na inashuka. Na pale tuliposhuti, hospitali ya rufaa ya Jinja yenye kitengo chake cha akili iko umbali wa boda boda moja. Hata sisi tuliokuwa tunatengeneza filamu juu ya ugonjwa huu tulikuwa hatujaenda kuuliza.

Tuliionyesha Masese, Februari 2020, katika kibanda cha mbao karibu na mwalo, kiingilio shilingi 1,000. Wengi walitoka kabla ya nusu, wakadai pesa zao, kwa sababu bango lilisema askari na hapakuwa na risasi hata moja. Walibaki kina mama wachache wanaouza mukene, dagaa wa ziwani, na wazee watatu. Mmoja wa wazee hao alikaa kwenye benchi hadi jenereta likazimwa. Aliniambia alikuwa jeshini miaka ya 1980. Lipi kati ya majeshi ya miaka ile hakusema, na kwa umri wake haulizwi. Aliuliza tu kama yule mwalimu amepona.

Kaka alikuwa nje. Alisikiliza filamu nzima kupitia mbao, ameegemea nguzo ya umeme.

Mwezi uliofuata nchi ikafungwa kwa ajili ya korona, na ndani ya nyumba zile hali ikawa mbaya kuliko yote. Sitaki kuyarudia ya miezi ile. Niseme tu kwamba usiku mmoja shemeji alinipigia simu akinong'ona, nikavunja kafyu kwa miguu, nikamkuta kaka amekaa katikati ya sebule na milango yote imefunguliwa wazi. Nilisimama mbali, nikamwita kwa jina. Nikamtajia: uko Walukuba, ni Jumanne. Nilitumia maneno ya mwalimu, sikuwa na yangu.

Usafiri uliporuhusiwa, shemeji alimpeleka hospitali. Kaka alikubali kwa sharti moja, kwamba neno Butabika lisitajwe, kwa kuwa kwetu jina la hospitali ile ya akili ya Kampala limegeuzwa tusi la mitaani, na ni makosa yetu, hospitali ile imewatibu watu tangu 1955. Tabibu aliyempokea hakumuuliza habari za vita hata kidogo siku ya kwanza. Alimuuliza analala saa ngapi, anaamka mara ngapi, na ni njia gani ya mtaani hapendi kupita. Kaka akasema: ya bombani. Shemeji anasema kwa swali hilo tu alianza kulia.

Alipewa fluoksetini, akaonywa kwamba itachukua wiki kadhaa kabla hajaona nafuu, na kwamba pombe itaiharibu kazi yake. Aliacha dawa mara mbili, akairudia mara mbili. Tuliambiwa ugonjwa wake una jina katika vitabu vya tiba tangu 1980, baada ya Wamarekani waliorudi Vietnam kuhangaika miaka na miaka wakiitwa walevi na wavivu. Niliposikia neno lile la pili nilitazama chini.

Baadaye akapata mshauri, mwanamke aliyewahi kufanya kazi kwenye makazi ya wakimbizi. Njia yake ilijaribiwa hapa hapa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako wakimbizi wa Rwanda na Somalia walifundishwa kuwahudumia wakimbizi wenzao. Unapewa kamba. Unaitandika sakafuni, mwanzo wake ni siku uliyozaliwa, na unaweka ua pale palipokuwa na jema, jiwe pale palipokuwa na baya, kwa mpangilio wa miaka. Kipande cha mwisho kinabaki kimekunjwa, ndiyo miaka ambayo haijafika. Kisha, siku baada ya siku, unarudi kwenye jiwe moja na kulisimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho, ulisimama wapi, ulisikia nini, palinukaje, na anayekusikiliza anaandika, anakusomea, unasahihisha. Kaka alinionyesha kamba yake mwaka 2022. Alikuwa ameiweka ndani ya mfuko wa kombati, pamoja na mawe. Hakunisimulia mawe. Aliniambia tu kwamba mwaka 2011 yako matatu, na kwamba mimi ni ua, mwaka niliozaliwa. Yuko kwenye jiwe moja tangu mwezi wa pili, akasema, na halijaisha.

Hajapona kama watu wanavyotaka apone. Hanywi siku nyingi, anakunywa nyingine. Usiku mzima anapata usingizi wa saa nne au tano. Usiku wa mwaka mpya fataki zinapoanza, shemeji anafunga madirisha na wote wanakaa chumba cha katikati na redio juu. Sisi tumejifunza namna ya kuishi naye: hutokei nyuma yake, unamwita kabla hujamfikia, ukimwamsha unasimama mlangoni na kulitaja jina lake. Watoto wanajua. Na watoto wa mtaa, sijui nani aliwaambia, siku hizi hupanga jerikeni zao upande ule mwingine wa bomba, ukutani, ambako mtu anaweza kupita bila kuzikaribia. Bado anazunguka nyuma ya shule, lakini mara nyingine namwona anasimama kwenye kona, anazitazama.

Mei 26 mwaka 2023 kambi ya askari wetu huko Buulo Mareer ilishambuliwa alfajiri. Kwa siku kadhaa hapakuwa na idadi, kulikuwa na minong'ono tu na picha kwenye simu. Wiki iliyofuata Rais akatangaza waliouawa ni 54. Usiku ule nilisikia mtu anagonga mlango wangu, mara moja, kisha kimya. Nilijua ni nani kwa namna alivyogonga.

Alikuwa hajanywa. Alisema miongoni mwa wale yumo kijana aliyemfundisha kazi. Hakutaka kuingia ndani. Aliniomba tochi, nikaileta, tukatoka hadi nyuma ya nyumba pale fundi wangu alipomwaga kokoto za ujenzi. Akachuchumaa. Akaokota jiwe, akalipima kiganjani, akalitupa. La pili pia. Mimi nilikuwa nimeshika mwanga tu. Alichukua muda mrefu, analigeuza kila moja, na lile alilolichagua halikuwa kubwa, lilikuwa na mstari mweupe upande mmoja. Akalifuta vumbi kwa shati, akalitia mfukoni, akaniambia nizime tochi, betri zinaisha.